Mashine Iliyohitaji Kwaya

Dada Edina alipokuja kututembelea Ringwani, kijijini kwetu, likizo hii iliyopita, alinikuta uani kwa shangazi napukuchua mahindi, na jambo lake la kwanza halikuwa habari za nyumbani wala za shule. Aliniuliza, "Nyangi, siku hizi unaongea?" Kabla sijajibu, shangazi akanijibia kutoka jikoni: "Anaongea na daftari lake. Sisi tunapata makombo." Wakacheka wote wawili, nami nikacheka nikiwa nimeinamia gunzi, maana ni kweli. Huwa naandika kila jioni, mistari michache tu, na mambo ambayo wenzangu wa bwenini huyasema kwenye foleni ya uji, mimi huyapeleka kwenye karatasi. Lakini alipoondoka nilibaki nikiuwaza ule mwaka niliokuwa nimemaliza kidato cha nne na kusubiri kwenda cha tano, mwaka niliokaa Nyangoto kwenye mgahawa wa shangazi. Sasa nina miaka kumi na tisa, na najua watu wazima watacheka wakisikia mtu wa umri wangu anakumbuka ujana wake. Wacheke tu. Mimi naona mengi niliyo nayo leo niliyapata pale, na sijawahi kuyashukuru kwa kuyaandika.

Mgahawa ulikuwa chumba kimoja cha mabati chenye meza za mbao, nyuma yake jiko lililo wazi upande mmoja, halafu kistoo cha unga. Ukikaa mlangoni ulikuwa unaona vilima vya mawe yaliyotolewa na mgodi mkubwa, vimepangwa ngazi ngazi, na huku chini mashamba ya migomba ya watu yakiendelea kana kwamba vilima hivyo havipo. Wateja wetu hawakuwa wa mgodi mkubwa. Walikuwa wachimbaji wadogo, wenyeji Wakurya na wageni kutoka Geita, Singida, Kigoma, wanaokuja mikono imeganda udongo na njaa ya kutisha. Shangazi alipika ugali wa mtama na muhogo, dagaa, sato wakipatikana, mboga ya mgagani iliyochemshwa na maziwa, na Jumamosi kichuri cha mbuzi, nyama iliyopikwa na majani ya tumboni mwake, ambacho wageni walikiogopa mara ya kwanza na kukigombania mara ya pili. Kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo, kumenya ndizi na kupeleka sahani mezani. Kupeleka sahani ndiko kulikonitesa. Nilikuwa nikivuka chumba kile naona macho yote yako mgongoni kwangu, ingawa kusema ukweli walikuwa wanaangalia nyama. Kwa hiyo nilibuni njia ya kupunguza safari. Asubuhi nilichungulia masufuria yote, nikavihifadhi kichwani vilivyomo, na mtu akiniuliza kama sato wapo nilijibu "wapo" bila kurudi jikoni. Mara nyingi nilipatia. Nilipokosea, kulikuwa na Masanja, mchimbaji mnene kutoka Geita, wa kunikumbusha siku nzima. "Jamani, huyu binti ananilisha samaki wa asubuhi," alisema. "Mimi nataka wa saa hizi."

Dada Edina alikuwa mtu wa Mbeya. Alisomea kompyuta chuoni, akaletwa huku na kazi ya mkataba, mkataba ukaisha, naye akabaki, akitengeneza simu, sola na pampu za watu. Alipanga nusu ya kistoo chetu. Magunia ya unga yalikaa upande mmoja, meza yake upande wa pili, na nywele zake siku zote zilikuwa na weupe kidogo kama mtu anayezeeka kabla ya wakati. Redio ya shangazi ilikuwa imekufa, na mgahawa bila nyimbo, kwa shangazi, ni kama msiba. Kwa hiyo alimpa chumba kwa sharti. "Hiyo kompyuta yako inaimba?" Edina akasema inaweza. "Basi iwe inaimba." Tangu siku hiyo kile kikompyuta chake, kidogo kama kiganja, kilipiga kwaya kupitia spika moja iliyotundikwa juu ya mlango, kuanzia chai mpaka tunapofunga.

Lakini kazi yenyewe ya kikompyuta hicho haikuwa kwaya. Edina alikuwa anatengeneza mashine ya kupima hewa ya shimoni. Kulikuwa na kihisi, yaani kifaa cha kunusa hewa, ndani ya kipande cha bomba la plastiki, waya mrefu, kikompyuta, na kioo kinachoonyesha namba ya oksijeni. Hewa nzuri ya juu ardhini ni asilimia ishirini na nukta tisa, namba ambayo bado naiona nikifumba macho. Ikishuka, kuna taa nyekundu. Kando yake kulikuwa na taa ya kijani iliyopepesa kila namba mpya inapofika, ili mtu ajue mashine haijalala. Edina aliandika pia draiva, yaani ile programu ya chini kabisa inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa. Alipenda kuandika akiwa anakula, mkono wa kushoto kwenye vibonye, wa kulia kwenye ugali, na shangazi alimgombeza kila siku kwa hilo kama anavyotugombeza sisi.

Mashine ilikuwa inatengenezwa kwa ajili ya kikundi cha Mzee Marwa. Mzee Marwa alikuwa kiongozi wa duara moja, ndivyo wanavyoliita shimo la kuchimbia, na duara lake lilikuwa limekaa bila watu mvua zote. Shimo likikaa hivyo hewa ya chini inaharibika. Desturi ni kushusha mshumaa ndani ya kopo, ukizimika, hushuki. Ila msimu uliopita, kwenye duara la jirani, mshumaa uliwaka vizuri, mtu akashuka, na walipompandisha alikuwa amelegea na hakuamka tena. Hilo lilizungumzwa kwenye meza zetu kwa sauti ya chini, kisha mtu akaagiza chai, kisha likazungumzwa tena. Na wa kwanza kushuka kwenye duara la Mzee Marwa angekuwa Chacha, mtoto wa shangazi, kaka yangu kwa namna tunavyohesabu sisi. Alichaguliwa kwa sababu ni mwembamba na haogopi. Alikuwa amenunua buti mpya. Alikuja nazo mezani, akaziweka juu ya kiti tuzione, na shangazi akaziondoa bila neno, akaziweka chini, akarudi jikoni. Hakumkataza. Kila alipopita karibu na mlango wa kistoo, hata hivyo, aliuliza, "Edina, bado?" na nilijua haulizi habari za mashine.

Edina aliijaribu pale pale kwetu. Tulikuwa na debe lenye mfuniko. Tunaweka makaa yanayowaka ndani, tunafunika, makaa yanakula oksijeni, tunaingiza kihisi kwenye tundu la mfuniko. Namba inashuka, taa nyekundu inawaka, wateja wanapiga makofi. Ilifanya hivyo kila mara. Mzee Marwa alikuja kuona, akanywa uji amesimama, akasema, "Hii inasema ukweli kuliko wanangu," na siku ya kushuka ikapangwa.

Kabla siku hiyo haijafika, bibi mmoja jirani yetu akafariki. Kwetu jirani akifiwa hupigi muziki. Hata asiye na dini anazima. Shangazi akamwambia Edina azime kwaya, naye akazima mara moja. Mgahawa ukawa wa ajabu. Ulisikia vijiko, ulisikia mtu akimeza. Shangazi alipikia waombolezaji, masufuria makubwa, na Edina akapanda basi dogo kwenda Nyamwaga kufuata nyaya, akiniachia kazi moja: mchana nimjaribie mashine mara ya mwisho kwenye debe, nimwambie ikoje.

Niliweka makaa, nikafunika, nikaingiza kihisi. Ishirini na nukta tisa. Nikasubiri. Taa ya kijani ikapepesa vizuri, nipo, nipo, nipo, na namba ikakaa pale pale. Nikadhani makaa yamezima. Nikafunua, moto ulinipiga usoni. Nikafunika tena. Ishirini na nukta tisa. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba nimekosea, kwa sababu hilo huwa wazo langu la kwanza kwa jambo lolote. Nikaacha mashine vile vile, nikaenda kuosha vyombo. Alasiri wakatoka makaburini, mama wa pale msibani akamwambia shangazi kwamba sasa watu waendelee na shughuli zao, na shangazi akaniita: "Nyangi, washa hizo nyimbo, masikio yangu yananiuma kwa ukimya." Nikaingia kistoo, nikabonyeza, kwaya ikaanza, na mbele ya macho yangu namba ikaporomoka na taa nyekundu ikawaka. Nikazima kwaya. Nikatoa kihisi nje mpaka kikapata hewa. Namba haikupanda, ilibaki kule chini. Nikawasha kwaya, ikapanda. Nilirudia hivyo mpaka makaa yakawa majivu. Sikuelewa chochote, ila nilielewa kwamba sikukosea.

Jioni wakaja kula pamoja, maana kesho yake asubuhi ndiyo walikuwa wanashuka. Mzee Marwa, Masanja, Chacha na buti zake, na Edina aliyerudi na vumbi la njia nzima. Shangazi alikuwa amechinja kuku. Nilibeba sahani mara mbili, mara tatu, kila mara nikiwa na sentensi mdomoni na kila mara nikirudi nayo jikoni. Shangazi akaniangalia. "Una nini wewe? Unazunguka kama kuku aliyepona." Nikaenda tena, nikasimama nyuma ya kiti cha Edina.

"Dada Edina. Mashine ikinyamaza inadanganya."

Masanja akaweka tonge chini. "Kumbe ana sauti. Tena nzuri."

"Kwaya ikizimwa," nikasema. "Namba haisogei."

"Nyangi, rudi jikoni," Chacha akasema. "Kesho nashuka, usiniletee mikosi mezani."

Mzee Marwa aliniangalia bila hasira. "Binti, hewa ya shimoni na kwaya vinajuana wapi?"

"Sijui, mzee."

"Hujui."

"Sijui. Lakini ikiimba, inaona moshi. Ikinyamaza, inataja namba ile ile ya mwanzo. Nimerudia mpaka mkaa umekwisha."

Nilingoja Edina acheke. Nilikuwa tayari kabisa kwa kicheko. Yeye akaniuliza tu, "Na taa ya kijani?"

"Inapepesa."

"Inapepesa na namba haisogei?"

"Ndiyo."

Alisimama na ugali ukiwa vidoleni, akaenda kistoo. Tulimsikia akizima kwaya. Tulimsikia akiomba makaa, na shangazi akampelekea yeye mwenyewe kwa koleo. Pale mezani hakuna aliyekula. Masanja ndiye aliyesema, polepole, kama mtu anayejisemea: "Na duarani hatupigi muziki." Mzee Marwa akajibu, "Hatupigi." Maana mdomoni mwa duara watu hukaa kimya, ili anayeshika kamba amsikie aliye chini.

Edina aliporudi alisimama mbele ya Mzee Marwa kama mwanafunzi. "Shikamoo tena, mzee. Mashine yangu ni mbovu. Kesho haiendi."

Chacha akasukuma sahani. "Basi tutashuka na mshumaa kama siku zote."

"Shuka," shangazi akasema kutoka jikoni. "Halafu usirudi kula hapa."

"Akishuka na mshumaa huenda asirudi kula popote," Masanja akasema. Alitaka iwe mzaha, lakini haikuwa. Mzee Marwa akanawa mikono, taratibu, kidole kimoja kimoja. Kisha akasema watasubiri, na kwamba anayetaka kutosubiri atafute duara lingine. Chacha alitoka bila kuaga.

Siku zilizofuata nilikaa kistoo kila nilipopata nafasi. Hakuna mtu aliyewahi kunieleza jambo kwa uvumilivu ule, na shule nzuri nimepita. Edina aliniambia kwamba prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, hapendi kwenda kwenye memori, ghala lake la kumbukumbu, kila wakati, kwa sababu memori iko mbali, naye ana haraka. Kwa hiyo akishasoma kitu, anajiwekea nakala karibu yake, mahali wanapopaita kache. Akihitaji tena, anasoma nakala. Akanitazama. "Unamjua mtu wa hivyo?" Nilimjua. "Sasa kihisi hakipiti kwa prosesa. Kinaweka namba moja kwa moja kwenye memori, kama shangazi anayebadilisha mboga jikoni bila kukuambia. Taa ya kijani inasema kweli, namba mpya imefika. Lakini prosesa anajibu kwa namba iliyo kichwani."

"Na kwaya?"

Hapo alitabasamu, kwa mara ya kwanza tangu jioni ile. "Siku wateja wamejaa, wanaita huku na huku, unakumbuka vya asubuhi?"

"Nasahau. Inabidi niende kuangalia."

"Ndiyo hivyo. Wimbo unajaza kache, nakala ya namba inasukumwa nje, prosesa analazimika kwenda kwenye memori, anakuta ukweli. Kukiwa kimya anakumbuka vizuri sana. Ndipo anapokosea."

Nimeliwaza jambo hilo miaka hii yote. Nilikuwa nadhani mtu mkimya ndiye anayeona sawasawa, kwa sababu nilipenda kudhani hivyo. Kumbe naweza kukaa na picha ya mtu kichwani, naiangalia hiyo hiyo, naye ameshabadilika. Hata shangazi, ambaye wakati ule nilimwona mkali tu, nilikuwa sijamtazama upya tangu utotoni.

Dawa ya kwanza ya Edina haikutosha. Aliweka kwenye draiva kitu kinachoitwa kizuizi cha kumbukumbu. Hiki nilikielewa haraka, kwa sababu shangazi alikuwa na kizuizi chake: anagonga sufuria kwa mwiko sahani ikishakamilika, na mimi kwa haraka yangu niliwahi kunyakua sahani kabla hajagonga, nikampelekea mtu ugali mtupu. Prosesa nayo ina haraka hiyo. Inaweza kuisoma namba kabla haijahakikisha kwamba namba imefika. Kizuizi kinaiambia, usivuke hapa mpaka ya kabla yamekamilika. Edina akakiweka, tukazima kwaya, tukaingiza kihisi debeni. Ishirini na nukta tisa. Akaweka mkono shavuni. Kisha akasema, "Kizuizi kinapanga foleni tu. Hakifunui sufuria." Akafuta unga kwenye vibonye, akaongeza amri nyingine: kila kabla ya kusoma, nakala ya kwenye kache itupwe, namba ichukuliwe upya kwenye memori. Akaviacha vyote viwili, kizuizi na kutupa nakala, kwa sababu alisema kila kimoja kinazuia uongo wake.

Kuijaribu kulihitaji ukimya, na mgahawa ulikuwa umejaa. Shangazi alitoka jikoni na mwiko. "Nyamazeni wote. Anayetafuna, atafune polepole." Edina akamwambia wao wanaweza kuongea, kwaya ndiyo ya kuzima. "Hapana," shangazi akasema, "wanyamaze tu, na wao huwa wanadanganya." Namba ikashuka. Kihisi nje, namba ikapanda. Tulifanya hivyo kwa siku kadhaa, kimya asubuhi na kimya jioni, mpaka Masanja akaanza kulalamika kwamba anakula kama yuko kanisani wakati wa sala.

Siku yenyewe tulikwenda wote. Wanawake hawasogei kwenye mdomo wa duara, ndivyo walivyozoea pale, kwa hiyo Edina aliweka kioo juu ya meza chini ya turubai, hatua chache pembeni, na waya ukatambaa ardhini mpaka shimoni. Shangazi alikuja na sufuria ya chai ambayo hakuna aliyeiomba. Chacha alikuwa amefungwa kamba kiunoni, kofia kichwani. Tangu jioni ile ya kuku alikuwa haongei nami, zaidi ya kuniagiza chumvi. Walishusha kwanza mshumaa, kwa heshima ya desturi, na mshika kamba akatangaza kwamba unawaka. Kisha wakashusha kihisi. Palikuwa kimya kabisa. Nilisikia waya ukikwaruza mawe. Ishirini na nukta tisa. Ishirini na nukta tisa. Nilimwona shangazi amemshika Edina mkono. Ishirini na nukta tatu. Kumi na tisa. Kumi na saba, na taa nyekundu ikawaka kwenye jua lile, hafifu, ukitaka kuiona lazima uiwekee kivuli kwa mkono.

Edina hakupaza sauti. Alimwita Mzee Marwa, naye akaja, akaiwekea taa kiganja, akaangalia muda mrefu. Akarudi kwa Chacha na kumfungua kamba yeye mwenyewe, fundo gumu, akatumia meno. "Leo hapana, mura. Tutaleta feni, tupulize, tupime tena." Hakuna aliyeshangilia. Masanja alivua kofia, akaivaa tena.

Chacha alikaa juu ya udongo, miguu mbele, amekasirika kama mtoto aliyenyimwa. Nilimpelekea chai. Hakuipokea mara moja.

"Sasa mimi nifanye nini siku nzima?" akaniuliza.

"Kuna ndizi za kumenya."

Akaja. Alikaa jikoni kwetu mpaka jioni, akimenya vibaya, akiondoa nusu ya ndizi pamoja na ganda, akilalamika utomvu, akilalamika kisu, akilalamika joto la jiko. Mara mbili shangazi alifungua mdomo kumgombeza, na mara mbili akaufunga, akamwongezea ndizi nyingine kwenye beseni.